Kupanua Jiko la Nyumbani

Mara nyingi twasoma habari za sebule: viti vya namna gani vyafaa, picha ya Moyo Mtakatifu itundikwe ukuta gani, mapazia yawe ya rangi gani. Habari ya jiko twaisoma kwa nadra. Hata hivyo mama wa nyumba hukaa sebuleni dakika chache tu kwa siku, na jikoni hukaa saa nyingi, tena mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Basi leo twaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jiko. Sisi, mume na mke, tumekuwa tukipanga tangu mwezi wa Mei 2024 namna ya kulipanua la kwetu kidogo, na jambo hilo lililoonekana dogo limetupeleka kwa mwashi, kwa jirani, kwa ndugu zetu wote, na hata kwenye kitabu cha sheria.

Nyumba tunamokaa iko Ruashi, mjini Lubumbashi. Ni mojawapo ya nyumba zilizojengwa katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Katika miaka ile shirika la Office des Cités Africaines, lililoundwa 1952, lilijenga mitaa mizima ya nyumba za matofali katika miji mikubwa ya Kongo. Nyumba hizo ni imara, hatuwezi kusema kinyume. Kuta za kwetu zimesimama zaidi ya miaka 60 na ufa ni mmoja tu. Lakini yaonekana aliyeichora ya kwetu alifikiri baba, mama na watoto wachache. Hakumfikiria shangazi ajaye kutoka kijijini kutibiwa, wala mpwa asomaye mjini, wala siku ya matanga. Kwetu hula watu kumi na mmoja, wageni hawajahesabiwa.

Jiko lenyewe liko nyuma ya nyumba, chini ya paa lile lile. Upana wake ni mita 2.40, kina chake mita 2. Mwanafunzi wa darasa la nne ataona mara moja kwamba ni mita za mraba 4.80. Ndani yake mna kabati la vyombo, ndoo tatu za maji, gunia la makala, mbabula mbili, na resho la umeme ambalo siku nyingi hukaa baridi kwa kuwa umeme hukatika. Ongezeni watu wawili au watatu wanaopika. Mlango hufunguka kwa ndani, na kila ufungukapo huikaribia mbabula ya kwanza kiasi cha kiganja kimoja. Mwaka 2021 mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka minne, aliingia mbio akitafuta maji ya kunywa; mlango ukamsukuma dada yake aliyekuwa akiepua sufuria. Maji ya moto yakamwagika juu ya mkono wa mdogo. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini kovu lingaliko, tangu kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Tena kuna moshi. Mama yetu, yaani mama mzazi wa mume, ambaye wajukuu humwita Nkambo, hupika kila siku ijapokuwa hakuna anayemlazimisha. Kila kiangazi hukohoa. Wengi husema kwamba makala hayana moshi kama kuni, na ni kweli kwa macho; lakini makala yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Hesabu kubwa namna hiyo haiingii vizuri kichwani. Kikohozi cha mtu mmoja nyuma ya ukuta, usiku, huingia upesi zaidi.

Mwashi wa kwanza tuliyemwita alikuwa mtu mchangamfu. Alitazama uani, akafungua mikono, akasema: “Tuusukume ukuta wa nyuma mita mbili na nusu, tuweke na vigae vyeupe, wageni wastaajabu.” Sisi hatupendi jiko lililojengwa kwa ajili ya macho ya wageni, lakini tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukachukua kamba na kupima.

Paa letu hushuka kiasi cha sentimita 20 kwa kila mita moja. Juu ya ukuta wa nyuma urefu ni mita 2.40. Ukiuendeleza mteremko ule ule kwa mita 2.50, utakuwa umeshuka nusu mita, na mahali paa linapoishia urefu utakuwa mita 1.90 tu. Kaka yetu mkubwa angeingia humo ameinamisha kichwa kama mtu anayepokea majivu ya Kwaresima. Je, yawezekana kuulaza mteremko kidogo? Mabati yaliyolazwa sana hurudisha maji ndani kupitia maungio, na hapa Lubumbashi zanyesha milimita zipatazo 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Tena kutoka ukuta wa nyuma hadi ua wa jirani ni mita 3.10 tu. Tukichukua mita 2.50, na ukingo wa paa ukitokeza sentimita 40, maji yetu yangeangukia karibu miguuni pa jirani. Basi ilionekana wazi kwamba kiongezo chetu hakina budi kuwa kidogo. Ila kidogo kiasi gani?

Hapo mama wa nyumba alipata shauri ambalo twalisifu, nasi twalipendekeza kwa kila jamaa inayofikiri kujenga. Jumamosi moja tulichukua majivu na kuchora jiko zima chini, katikati ya lupango, kama watoto wachoravyo uwanja wa mchezo. Meza ndogo ikawa kabati. Mbabula, ndoo na gunia vikawekwa mahali pake. Tukawaomba wapishi wapike chakula cha mchana humo bila kukanyaga mstari. Kwanza tuliongeza kina kwa sentimita 80: apitaye na ndoo alimgusa mgongoni mwenye kusonga bukari, naye akapiga kelele. Kisha tukaufuta mstari na kuuchora kwenye mita 1.20: ndoo ikapita, mpishi hakugeuza hata kichwa. Mwisho tukajaribu mita 1.60. Nafasi ile iliyozidi haikutumiwa na mtu yeyote. Kuku mmoja tu alikuja kukaa humo. Majirani walitucheka kidogo walipoona watu wazima wakipika ndani ya mstari wa majivu, lakini kabla ya jioni wawili kati yao walikwisha kutuuliza vipimo.

Basi kina kitakuwa mita 3.20 badala ya 2, na jiko litapata mita za mraba 7.68. Paa litashuka sentimita 24 tu, na mahali pa chini kabisa patabaki na urefu wa mita 2.16. Mabati mapya yatapenya chini ya yale ya zamani kiasi cha shubiri, ili maji yasipate njia ya kuingia.

Siku ile ile ya majivu tulijifunza jambo jingine, ambalo hakuna mwashi aliyekuwa ametuambia. Mwanzoni tulitaka meza ndefu ya zege, ya urefu wa sentimita 85, na mbabula zote juu yake, watu wapike wamesimama kama tunavyoona katika picha. Kwa mchuzi, kwa sombe, kwa kukaanga samaki, meza hiyo yafaa sana. Migongo hupumzika, na watoto wadogo hawaufikii moto. Lakini sufuria ya bukari ya watu kumi na mmoja haisongwi juu ya meza. Mwiko hushikwa kwa mikono miwili, na nguvu hutoka mabegani, kutoka juu kwenda chini. Sufuria ikiwa kifuani, mabega hayana kazi tena. Nkambo alikuwa ameketi kigodani akitazama mchoro wetu. Akasema: “Wanangu, meza hiyo ni ya watu wenye magoti mapya. Mimi mkinitoa jikoni, nitazungumza na nani?”

Neno hilo lilitukata. Tulikuwa tunajenga kwa sababu ya kikohozi chake, na sasa twaona kwamba dawa yenyewe ingemfungia nje. Binti zetu hukaa naye jioni wakichagua maharagwe au kuchuma majani ya sombe kutoka vikonyo vyake, naye huwasimulia habari za zamani. Kwa njia hiyo wamejua majina ya wazee wetu waliokufa, ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatuyajui yote. Kwa hiyo tumeazimia kujenga namna mbili: upande wa ndani meza ya sentimita 85, na katika kiongezo, karibu na ukuta wa nyuma, jukwaa la chini la matofali lenye urefu wa sentimita 30, na mbele yake mahali pa kigoda. Mita 1.20 yatosha kwa jukwaa na kwa mtu aketiye. Nyuma yake, katika sehemu ya zamani, atapita mwenye ndoo.

Juu ya jukwaa hilo tutatundika kofia ya bati yenye bomba la kupitisha moshi, na bomba litapita juu ya paa. Tena tutaacha matundu ya hewa sehemu mbili, ya juu na ya chini, kwa maana hewa ya moto hupanda, lakini haiwezi kutoka isipopata nyingine ya kuingia mahali pake. Katika kiangazi upepo wa huku hutoka mara nyingi kusini-mashariki. Ukuta wetu wa nyuma waelekea kaskazini-magharibi, basi matundu ya juu yatakuwa huko, upande ambao upepo unakwenda. Wenye ukuta unaoelekea kwingine wafikiri vizuri kabla ya kutoboa: tundu likitazamana na upepo, moshi wote hurudi ndani machoni mwa mpishi. Mlango mpya utakuwa wa pembeni, na utafunguka kwa nje.

Kuhusu ukuta wa zamani, mwashi wa pili, mzee mtulivu, alitukataza kuuondoa wote. Tutaufungua mita 1.80 tu, na kuacha sentimita 30 kila upande. Juu ya nafasi hiyo itakaa boriti ya zege yenye vyuma ndani, ndefu mita 2.20, ilale sentimita 20 juu ya ukuta huku na huku. Kabla ya kutoa tofali hata moja, paa litashikwa kwa miti ya kuegemeza. Msingi mpya utachimbwa hadi kina cha ule wa zamani, wala si chini yake, usije ukaunyima udongo unaoushika. Na kuta mpya hazitaungwa kwa meno na ile ya zamani. Nyumba kongwe imekwisha kukaa mahali pake. Mpya itashuka kidogo katika mvua za kwanza, na zikiwa zimefungwa pamoja, moja itaupasua mwili wa nyingine. Tutaacha mstari ulionyoka katikati yao na kuuziba baadaye.

Wanafunzi na wahesabu pamoja nasi. Ukuta wa nyuma ni mita 2.40 kwa 2.16. Kuta mbili za pembeni ni mita 1.20 kila mmoja, na urefu wake wa katikati ni 2.28. Toeni mlango wa 0.80 kwa 2, na dirisha la 0.80 kwa 1. Zitabaki mita za mraba zipatazo 8.25. Tofali tuliloonyeshwa lina urefu wa sentimita 22 na kimo cha 7. Pamoja na udongo wa kuunganisha, sentimita moja na nusu, mita moja ya mraba hula matofali 50. Jumla yakaribia 415. Kwa ajili ya yatakayovunjika tumeandika 450. Kila mtu apime tofali lake mwenyewe, kwani kila tanuru lina kipimo chake. Hapa kwetu yaliyo mazuri hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuuchekecha bila mshahara. Mchwa hao hao ndio watakaokula mlango wako, ukiwawekea fremu ya mti inayogusa ardhi. Ya kwetu itakuwa ya chuma.

Fedha ilitaka mashauri marefu zaidi. Bwana wetu alisema habari ya mtu atakaye kujenga mnara, namna impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama, naye Mtakatifu Luka ameiandika katika sura ya 14. Sisi tuliketi. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure mwaka 2019, lakini watoto wetu wawili wako sekondari, na huko hulipwa. Hatukubali mtoto afukuzwe darasani kwa sababu ya ukuta. Basi tumeigawa kazi katika viangazi viwili. Katika cha kwanza twanunua matofali kidogo kidogo na kuyapanga juu ya mbao, yamefunikwa. Katika cha pili twachimba Mei, na paa lazima lifungwe kabla ya Oktoba kwisha, maana ukuta mbichi usio na paa mwezi wa Novemba ni fedha iliyotupwa mtoni.

Lakini lililokuwa gumu kupita yote halikuwa fedha. Nyumba hii si yetu peke yetu. Ilikuwa ya Baba, aliyefariki 2016, naye aliacha watoto watano. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 chasema wazi kwamba watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, ni warithi sawasawa, na kwamba mjane ana haki ya kukaa na kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na mumewe. Sisi tumo humo kwa kuwa tunamtunza Mama. Tulipowaita ndugu na kuwaeleza mpango, dada yetu mkubwa alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: “Leo ni jiko, kesho chumba, kesho kutwa mtatuambia nyumba ya Baba ni yenu.”

Hatukuona kuwa ni tusi. Katika mji huu tumeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakipelekana barazani kwa sababu ya ukuta mmoja ambao mmoja wao aliujenga bila kusema. Mume alianza kueleza habari ya sheria, ibara kwa ibara, na nyuso zikazidi kukunjamana. Ndipo mke, ambaye amepika katika jiko lile miaka 14, akasema kwa sauti ndogo: “Yaya, mimi sitaki ukuta uwe wangu. Nataka mtoto asiungue tena.” Dada alimwita yule mdogo, akaukunjua mkono wa shati yake, akalitazama kovu. Hakusema kitu.

Tuliandika karatasi siku ile ile, Mama akatia sahihi wa kwanza, nasi watoto watano baada yake. Yasema kwamba jiko ni sehemu ya nyumba, na aliyelijenga haongezewi fungu. Nyumba ikiuzwa siku moja, atarudishiwa gharama ya vifaa tu, kwa kadiri ya hati za dukani, pasipo riba, wala kazi ya mikono haihesabiwi. Wengine wametuambia kwamba tumekubali hasara. Sisi twaona kwamba hiyo ni bei ya kula Noeli pamoja. Juma lililofuata, kijana mmoja alileta mabati mawili juu ya baiskeli, yaliyobaki katika ujenzi wa nyumba ya dada. Hakuleta barua.

Jirani naye tulimwendea kabla hatujapeleka ombi letu la ruhusa kwa serikali ya mtaa. Tulimwonyesha kwa kamba mahali ukingo wa paa utakapofika, mita moja na nusu kutoka ua wake, na mfereji utakaopeleka maji ya mvua barabarani badala ya kwake. Aliuliza jambo moja tu, maji ya kuoshea vyombo yatakwenda wapi, kwa sababu kisima chake kiko upande huo. Swali lake lilikuwa la haki. Tumelihamisha shimo la maji machafu mpaka upande wa pili wa lupango, ijapokuwa bomba litakuwa refu zaidi na litatugharimu.

Sasa matofali 300 yamekwisha kupangwa. Limebaki dirisha. Mzee mwashi asema kwamba dirisha la jiko huanzia mita 1.10 kutoka sakafuni, ndiyo desturi. Nkambo yeye ataka kuona ni nani anayekuja kwa njia ya pembeni ya nyumba, kabla mtu huyo hajapiga hodi, ili ajue kama atie maji mengine katika sufuria. Tulimketisha kigodani, tukapima tangu ardhini hadi machoni pake: sentimita 98. Dirisha litaanzia 70.